Vipuri Alivyovipa Majina

Bosi aliniambia nifute vitu vyote vya marehemu. Alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akasema kama mtu anayemtuma mtoto dukani.

"Kila kipuri alichochora yeye, futa. Tuanze upya. Wateja wapya wanataka maktaba safi."

"Vyote?"

"Vyote. Mtu amekufa na bado anatuharibia kazi."

Mimi nina mdomo, kwetu Birongo wananijua, lakini siku hiyo niliufunga kwa sababu maneno hayo hayo nilikuwa nimeyasema mwenyewe kwa karibu miaka mitatu. Nimeyasema jikoni. Nimeyasema kimoyomoyo kanisani. Nimeyasema nikimwogesha mtoto. Huyo marehemu ndiye baba wa mtoto wangu.

Nieleze kazi kwanza, maana hata mama yangu mzazi huwaambia watu nauza kompyuta. Karakana yetu iko mjini Kisii, ghorofani juu ya duka la mabati. Tunatengeneza zile bodi ndogo za kijani ambazo ukifungua chaja ya sola au mashine ya kuangulia mayai unazikuta ndani, zimejaa vidude vyenye miguu. Bodi huchorwa kwanza kwenye kompyuta, mchoro unatumwa kiwandani ng'ambo, bodi zinarudi tupu zikiwa na matundu, halafu sisi tunapachika vipuri na kuvichomea kwa solda, madini laini yanayoyeyushwa. Ili uchore, lazima kompyuta iwe na maktaba. Humo kila kipuri kina jina lake, alama yake, na picha ya mahali miguu yake itakapokanyaga. Hiyo picha sisi tunaiita nyayo. Nyayo zikikosewa kwa unene wa ukucha, kipuri hakiingii, na hilo ni kosa zuri kwa sababu unaliona. Kosa baya ni miguu kubadilishana nafasi. Kipuri kinaingia, kinakaa vizuri kabisa, kinakudanganya.

Kazi yangu ni hiyo maktaba. Nilikuja pale baada ya kidato cha nne kufagia na kufunga vifurushi. Yeye ndiye aliyevuta kiti cha pili.

"Kaa hapa," aliniambia. "Wewe una jicho la kupanga. Mimi sina."

Kweli hakuwa nalo. Maktaba yake ilikuwa kama stoo ya mahindi baada ya panya. Vipuri havikuwa na namba za kiwanda, vilikuwa na majina aliyovipa mwenyewe. Kimoja kiliitwa Redio ya Shangazi, kwa sababu ndani ya redio ya shangazi yake ndimo alimokiona mara ya kwanza. Kingine Mbilikimo. Kingine Usinisahau, kwa vile kila mara alisahau kukiweka. Na kulikuwa na transista moja, kidude cheusi cha miguu mitatu, aliyoiita Popo.

"Haya ni majina gani?" nilimuuliza. "Hivi ni vipuri au kuku wa nyumbani?"

"Kuku wa nyumbani hawapewi majina," akasema. "Tutawalaje?"

Nilicheka mpaka bosi akagonga ukuta wa plaiwudi.

Alijifunza akiwa mdogo, kwao Nyacheki, akitengeneza redio za majirani kwa chuma alichopasha moto kwenye jiko la makaa. Fundi wa redio haijui bodi kwa uso wake. Anaijua kwa tumbo, upande wa solda, kwa sababu ugonjwa uko huko. Basi huyo mtu aligeuza kila kitu. Ukimpa kikombe, anainua kwanza aone kitako chake. Kiti kipya, anakipindua. Siku ya kwanza kushika mkono wangu aligeuza kiganja juu akakitazama, nikamwuliza kama anatafuta solda.

Mtoto wangu hakumwona baba yake. Alizaliwa miezi miwili baada ya mazishi. Hakuna aliyemfundisha. Lakini mpe sahani, anaigeuza. Mpe kiatu, anaangalia soli. Nimeshapangusa uji sakafuni mara nyingi kuliko niwezavyo kusema. Mara ya kwanza nilimchapa mkono. Halafu nikatoka nje nikasimama kwenye migomba, nikatukana mtu ambaye hawezi kunisikia.

Na bado kuna sauti. Ndani ya bodi ya mashine ya mayai huwa kuna rilei, kijisanduku kinachowasha na kuzima joto. Kikishika kinapiga ta. Yeye, kila rilei ilipopiga ta mezani, aliijibu kwa ulimi: ta. Siku nzima. Ulikuwa unataka kumrushia kitu. Sasa amekaa kimya na mimi ndiye ninayeisikia. Friji ya jirani ikizima, nasikia. Mfuniko wa sufuria ukipoa, nasikia. Nikifungua kompyuta yake asubuhi, ile programu inafungua yenyewe mchoro wa mwisho alioufungua yeye, kila siku, sijui kwa nini, nimebadilisha mipangilio na bado. Koti lake la kazi limetundikwa msumarini nyuma yangu. Hakuna anayelivaa na hakuna anayelitoa.

Sasa habari ya mayai.

Mama yake yuko Nyacheki, mwanamke wa chai na ndizi, na alikuwa katika kikundi cha akina mama wa kanisa lake. Kikundi kilitaka mashine kubwa ya kuangulia vifaranga. Mama akasimama mbele yao akasema, "Msitafute mbali. Mwanangu atawatengenezea." Mwanawe akachora. Akatengeneza bodi moja ya majaribio, ikafanya kazi. Tulipokuwa tunajiandaa kuagiza bodi za kweli, kifua kikamwangusha, akalazwa.

Nilikuwa na mimba iliyoanza kuonekana, na nilikuwa na maktaba peke yangu kwa mara ya kwanza. Nikafanya usafi. Nilikuwa nimengojea siku hiyo. Nikachapisha karatasi za maelezo ya viwanda, nikapitia kipuri baada ya kipuri. Redio ya Shangazi akapata namba. Mbilikimo akapata namba. Nikamaliza, bosi akatuma mchoro, bodi zikaja baada ya wiki kadhaa, na mimi na mwenzangu tukazichomea solda. Mwenzangu ni dada mmoja kutoka upande wa ziwa, mkono wake mwepesi kuliko wa mtu yeyote pale. Tukajaribu mezani. Ta. Safi. Mashine ikaenda Nyacheki.

Akina mama wakaweka mayai ya kila nyumba. Siku ya ishirini na moja hakuna kilichotoka. Siku ya ishirini na tatu wakapasua. Vifaranga walikuwa ndani, wamekamilika, wana manyoya, wana midomo, wamekufa. Joto lilikuwa likikatika kila alfajiri, wakati betri ya sola imechoka na baridi ya kule imeshuka.

Wakabeba ile mashine kwa wilibaro, wakaitupa uani kwa mama yake.

Yeye alikuwa ametoka hospitali siku hizo. Alipanda ngazi za karakana akipumzika kila baada ya vidato vitatu. Akaketi. Akafungua maktaba. Akatazama kitu kimoja kwa muda mrefu.

"Uliigusa hii?" akaniuliza.

"Nimeisafisha yote!" Nilijivuna, wallahi. "Umeona? Hata Popo wako nimempa namba ya kiwanda."

Alinitazama usoni, kisha akatazama tumbo langu, kisha akafunga lile dirisha kwenye kompyuta.

"Umefanya vizuri," akasema.

Akainuka akaingia kwa bosi. Ule ukuta wa plaiwudi hauzuii neno. Nilisikia, "Ni mimi. Nilichora vibaya. Nipe gari nikairekebishe." Na bosi akajibu, "Ukipona." Hakupona.

Basi nikajua ni yeye. Alisema mwenyewe, ningejuaje vingine? Hasira yangu ilianzia hapo. Nilimwona mtu aliyechora kwa mzaha, akaita vipuri majina ya mzaha, akawaua vifaranga wa mama yake, akafa, akaniacha na mtoto na aibu. Kwenye mazishi nilikaa na majirani. Hakuna mtu wa kwao aliyekuwa amefika kwetu kujitambulisha, kwa hiyo sikuwa mke wa mtu. Na kwa kuwa mwanaume wa kwetu huzikwa kando ya nyumba yake, na yeye hakuwa na nyumba, walimjengea ya mabati kwa siku mbili, chumba kimoja, ili kaburi lipate pa kuegemea. Nyumba ambayo haijalaliwa na mtu hata leo.

Mama mmoja wa kikundi alisema, wakati jeneza likipita, na alisema asikike, "Waangalie vizuri kama wamelipigilia kwa juu. Huyu ni fundi wa kukosea." Wengine wakaziba midomo kwa leso. Mama yake alisikia. Nilimwona akisikia. Na mimi, mniamini au msiniamini, sikumkasirikia yule mama. Nilimkasirikia maiti.

Toka siku ile mama mkwe, kama naweza kumwita hivyo, hakurudi kwenye kikundi. Wale kila mtu huja na stuli yake na huiacha pale pale kwa mwenyekiti. Yeye aliifuata yake, akaiweka kichwani, akaenda nayo nyumbani.

Sasa turudi siku ya kufuta.

Dada anayenishikia mtoto alikuwa Nyamache sokoni, kwa hiyo nilikwenda na mtoto kazini. Nikamweka chini ya meza na boksi la bodi za zamani, zile zisizo na kazi. Mimi nikaanza kufuta. Nilianza kwa herufi ya kwanza kama mtu mzima. Ukibofya kufuta, programu inauliza kama una hakika. Inauliza kila mara. Nilikuwa na hakika kwa vipuri kama arobaini hivi.

"Mama," mtoto akasema. "Mdudu."

"Tupa."

"Mdudu ananing'inia."

Niliinama kumnyang'anya. Alikuwa ameshika bodi, ameigeuza kama desturi yake, kidole kimoja kwenye tumbo la bodi. Haikuwa mdudu. Ilikuwa ile transista nyeusi, imechomewa chini, kichwa kikielekea sakafuni.

Hilo halikuwa jipya kwangu. Rilei ni kubwa, inakula nafasi yote ya juu, na kifuniko cha mashine kiko chini, kwa hiyo ile transista sisi huwa tunaichomea tumboni. Yeye alitufundisha hivyo. Nimefanya hivyo na mikono yangu bila kufikiri, kama unavyofunga leso. Kilichonishika ni kwamba bodi hiyo ilikuwa ile ya kwanza, ya majaribio, iliyofanya kazi. Nikachukua na moja kati ya zile za baadaye, zilizobaki baada ya balaa. Nikaziweka mbili mbele yangu, matumbo juu. Matundu yalikuwa yale yale. Njia za shaba zinazokwenda kwenye miguu ya pembeni zilikuwa zimebadilishana.

Nikakaa sakafuni.

Jiangalie ukiwa umesimama mbele ya mtu. Kushoto kwake ni kulia kwako. Ndivyo ilivyo kwa kipuri ukikipeleka tumboni: miguu yake ya pembeni inabadilishana. Yeye alilijua hilo toka utotoni, kwa hiyo aliichora kinyume makusudi, ili ikifika chini ikae sawa. Ndiyo maana aliiita Popo. Halikuwa jina la mzaha. Lilikuwa maelezo ya kazi, kwa lugha yake. Mimi nikaja na karatasi yangu ya kiwanda, nikaona miguu imekaa kinyume na karatasi, nikasema moyoni, ona huyu, nikainyoosha. Kisha kwa mikono hii hii nikaenda nikaichomea chini kama kawaida.

Na transista ikikaa kinyume haifi. Hapo ndipo uovu wake ulipo. Inafanya kazi, lakini kwa unyonge. Mezani, umeme ukiwa na nguvu, inavuta rilei na unasikia ta. Betri ikichoka alfajiri, inaachia.

Niliangalia tarehe ya kuhifadhiwa kwa nyayo zile. Kompyuta haisahau. Ni siku aliyokuwa wodini akitolewa maji kifuani. Kwenye kiti nilikuwa mimi.

Mwenzangu wa ziwani aliinua macho. "Mbona umekaa chini kama umeona nyoka?"

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Mayai. Ni mimi niliyeyaua."

Nikamwonyesha. Yeye anaelewa bodi, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alishusha kile chuma cha solda taratibu.

"Sikiza," akasema. "Yeye alisema ni yeye. Kila mtu alisikia. Wewe uko na mtoto. Hiyo maneno funika."

"Alijua, unaelewa? Aliangalia akaona ni mimi. Akaniambia nimefanya vizuri!"

"Sasa unamkasirikia kwa hiyo pia?"

Ndiyo. Nilimkasirikia kwa hiyo kuliko yote. Nani alimwambia anibebee? Hakuniuliza. Aliamua peke yake, akafa nalo, akaniacha nimtukane miaka mitatu mbele ya mtoto wake, na kila tusi nililomtupia lilikuwa langu. Ukitaka kumwadhibu mtu, mfanyie wema wa namna hiyo kisha ufe.

Nikaingia kwa bosi na bodi zote mbili. Alisikiliza, na nimpe haki yake, alielewa haraka.

"Sawa," akasema. "Tumejua. Rekebisha maktaba, tuendelee."

"Mama yake hajajua. Kikundi hakijajua."

"Na wajue ili iwe nini? Atafufuka?"

"Wanamsema."

"Wacha nikuambie kitu, na usinikatize. Ukienda kule ukasema kosa ni la maktaba, wataniuliza maktaba ni nani. Nitasema nini?"

"Utasema ni mimi."

"Na hawa wateja wapya nitawaonyesha nani? Ukienda, usinifuate baadaye unalia kwamba nimekuachisha kazi."

"Mimi huwa silii mbele yako, bosi."

Nilirudi kwenye kiti. Nilikaa na mshale juu ya Popo, programu ikiniuliza kama nina hakika. Kazi hiyo ndiyo inayolisha mtoto wangu. Sina nyingine, na cheti changu cha kidato cha nne mnajua thamani yake. Nikabofya hapana.

Jumapili nikaenda Nyacheki. Kikundi hukutana Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato. Nilimbeba mtoto mgongoni, na ndani ya mkoba nilikuwa na chuma cha solda, solda kidogo, koleo ndogo na zile bodi mbili. Mama alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni akichambua mboga za chinsaga kwenye ungo.

"Bwakire, mama mtoto," akaniamkia. Hajawahi kuniita kitu kingine.

"Bwakire, omong'ina," nikamjibu, kama tunavyomwita mama mzee wa heshima.

Nilimwambia pale pale, nimesimama, kabla hajanipa kiti. Nilijua nikishaketi na kupewa chai nitashindwa. Nilimwambia kwa Kigusii, na Kigusii cha siku ile sikiandiki. Kusema kwa Kiswahili karakanani ni kitu kimoja. Kumwambia mama wa mtu kwa lugha aliyomnyonyeshea ni kingine.

Hakuacha kuchambua. Majani huku, mabua kule. Alimaliza fungu zima.

"Siku ile alipopanda ngazi," akasema, "alijua ni wewe?"

"Alijua."

"Na akasema ni yeye."

"Ndiyo."

"Basi alikuwa mjinga."

Lilikuwa neno baya la kwanza nililomsikia akimsemea mwanawe. Akaweka ungo chini. Nilidhani atanipiga, na ningekubali.

"Miaka mitatu," akasema. "Nimesali nikimwomba Mungu amsamehe mwanangu kwa mayai. Mungu alikuwa ananisikiliza akishangaa."

"Nisamehe, omong'ina."

"Sijafika huko. Ile mashine bado iko. Inafanya kazi?"

"Nikiigeuza ile kitu, itafanya. Ni dakika tano."

"Dakika tano." Alilirudia kama mtu anayeonja kitu kichungu. "Kaa na mtoto. Nakwenda kuwaita."

Mashine ilikuwa katika ile nyumba ya mabati, ya kaburi. Ndipo alipoiweka. Alisema hakuwa na mahali pengine, lakini uani kwake kuna stoo mbili. Niliingia na mtoto. Kuna giza la mabati na harufu ya mahindi, na kupitia tundu la msumari unaona saruji ya kaburi nje, karibu kiasi cha kugusa. Mtoto alitembea moja kwa moja mpaka kwenye mashine, akainama, akaangalia chini yake.

Akina mama walikuja kama kumi hivi, wakajaa mlangoni na leso zao za Jumapili. Yule aliyesema neno la jeneza alikuwa mbele. Ndiye mwenyekiti. Mama alipita katikati yao, akanishika bega.

"Huyu ni omokamwana wangu," akasema. "Mke wa mwanangu. Ana neno."

Ningekubali anitukane kuliko anipe jina hilo siku hiyo.

Nikasema. Nikawapa bodi zishikwe, zikapita mkono kwa mkono, wengine wakizishika kama samaki asiyejulikana kama ni mzima. Mwenyekiti hakuzitazama.

"Kwa hiyo aliyeua vifaranga ni wewe."

"Ni mimi."

"Na mwenyewe amelala hapo nje tumemtukana akipita."

Mama mmoja mzee nyuma akasema polepole, "Wewe ndiye ulimtukana. Sisi tulicheka."

"Mlicheka kwa nguvu!"

"Tulicheka, ndiyo. Nimesema tulicheka."

"Na huyu," mwenyekiti akanigeukia, "alikuwa wapi miaka yote?"

"Nilikuwa namtukana pia," nikasema. "Kuwashinda ninyi."

Nikaomba makaa. Umeme haujafika kwenye ile nyumba, nani aupeleke? Mama akaleta jiko, nikapasha chuma kwenye makaa kama alivyofanya yeye na redio. Nikafungua kifuniko, nikatoa bodi, nikaigeuza. Ile transista ilikuwa pale, inaning'inia, na buibui amejenga kati ya miguu yake. Nikaitoa. Nikaizungusha, mguu wa kushoto ukaenda kulia. Nikachomea. Haikufika hata dakika tano. Mama alisimama juu yangu akitazama, na nilisikia pumzi yake ikikatika nilipoinua chuma, kwa sababu alikuwa amehesabu dakika.

Betri yao waliikuta nusu imekufa. Nikasema hiyo ndiyo ninayoitaka, nyonge kabisa, kama ya alfajiri. Nikaunganisha.

Ta.

Na mtoto wangu, aliyezaliwa miezi miwili baada ya mazishi, aliyekuwa ameinama chini ya mashine akitafuta sijui nini, akajibu kwa ulimi. Ta.

Sijawahi kumfundisha. Mimi mwenyewe siwezi hata kuvumilia sauti hiyo. Mama aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akina mama wale hawakujua kilichotokea, waliona tu mimi, mwanamke mzima, nimeegemea ukuta wa mabati unaotikisika. Rilei ikaachia, ikashika tena. Mtoto akajibu tena. Nje hapakuwa na kitu, saruji tu na mgomba mmoja.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kutoka. Nikadhani ameondoka kwa hasira. Alirudi amebeba stuli, si ya kwake, alikuwa ameitoa jikoni kwa mama. Aliiweka kichwani, akaanza kushuka nayo kuelekea kwake, mahali wanapokutana, na wengine wakamfuata. Alipofika kwenye miti ya chai akageuka.

"Omong'ina, unakuja ama hukuji? Na huyo mharibifu wako aje. Siku ishirini na moja atakuwa anatuangalizia joto. Akilala, tutampika yeye."

Mama alijifuta uso na leso. Akamchukua mtoto mgongoni kwake, si kwangu. Hakuniambia amenisamehe na mpaka leo hajaniambia.

Bosi hajanifukuza. Hanisemeshi, ananitumia ujumbe kwa simu kutoka chumba cha pili. Maktaba nimeipanga, namba za kiwanda zote ziko, wateja wapya wameridhika. Lakini mbele ya kila namba nimerudisha jina alilokipa kipuri, hata wale arobaini niliokuwa nimewafuta, nimewakumbuka mmoja mmoja. Popo amerudi kinyume kama alivyokuwa. Chini yake nimeandika: hukaa tumboni, usimnyooshe, uliza kwanza. Sikuandika jina langu. Tarehe inaonekana, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti.